Vioo vya Kutazamia Jua

Mliponiaga juzi mlinipa saa ya ukutani, keki na kiti cha kupumzikia, mkaniambia sasa nikae nipumzike bila wasiwasi. Kwa kiti asanteni. Hilo la wasiwasi mngemwambia mtu mwingine. Mimi nilizaliwa nao, na kazi yetu ikaulisha mpaka ukanenepa. Hata sasa hapa Section 58, nikiona kioo kimeegeshwa karibu na jiko, moyo unaruka kabla akili haijauliza kuna nini. Wajukuu wananicheka. Wacha wacheke. Wahenga walisema wasiwasi ndiyo akili, na nyinyi mnaobaki pale kiwandani nataka niwaachie kidogo cha huo wangu, kwa sababu naona mnafanya kazi mkiwa mmetulia mno.

Niliingia kwenye kile kiwanda kidogo cha vioo miaka michache baada ya Uhuru. Baba yangu alikuwa mtu wa reli kutoka upande wa Bungoma, tukalelewa kwenye landi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, hapa Nakuru, na kila mtu alijua nitaolewa na mtu wa reli. Kweli nikaolewa naye. Akahamishwa, akahamishika kabisa. Nikabaki na binti mmoja, Nafula, na haja ya kazi.

Siku ya kwanza nilipewa ndoo, unga wa chaki, pamba na kipande cha kioo, nikaambiwa nioshe. Nilidhani naonewa, maana nani hajui kuosha kioo? Nikaosha, nikampelekea fundi mkuu. Huyo alikuwa Harbans, Kalasinga mrefu mwenye miwani iliyofungwa na uzi, mtu ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. Alikisogeza kioo mdomoni, akakipulizia pumzi, akatazama ule ukungu ukiondoka. Ukiondoka wote kwa pamoja, kioo ni safi. Ukiacha madoa, bado kina mafuta ya mkono. Changu kiliacha madoa kama ramani. Nikarudi kwenye ndoo. Nilipokileta tena kikakubalika, nikaanza kutabasamu, naye akasema tu, "Sasa ule mwingine." Nilikuwa nimesahau kwamba kioo kina pande mbili. Maneno hayo ndiyo niliyoyasikia kwake zaidi kuliko salamu. Ukimwonyesha kitu chochote, hata kiwe kizuri namna gani, atakitazama, atakubali kwa kichwa, kisha, "Sasa ule mwingine."

Polepole nikasogezwa kutoka kwenye ndoo hadi kwenye kengele. Nyinyi mna mashine mpya ya chuma yenye taa za rangi rangi. Yetu ilikuwa kengele ya kioo kizito imefunika bamba la chuma, na chini yake pampu ya kufyonza hewa iliyonguruma mchana kutwa. Ndani, kwenye kiboti, kibakuli kidogo cha chuma kisichoyeyuka upesi, unaweka punje ya fedha. Hewa ikishatoka, unapitisha umeme, kiboti kinawaka, fedha inayeyuka, inakuwa mvuke, inapanda na kugandia kwenye kioo kilichoning'inizwa juu. Hivyo ndivyo tulivyotengeneza vioo vya taa za magari na vya hadubini. Mimi niliogopa ile kengele. Kulikuwa na wavu wa waya kuizunguka isije ikapasuka, na niliupenda ule wavu kuliko kitu chochote pale ndani.

Harbans alinifundisha kutazama rangi. Fedha ikianza kushika kwenye kioo haianzi ikiwa fedha. Kwanza huoni kitu. Halafu kioo kinakuwa cha manjano, kisha rangi ya chai ya rangi, kisha zambarau, na ukizidi kungoja, ghafla kinageuka na kukurudishia uso wako. Nilimuuliza kwa nini fedha nyeupe ipite rangi zote hizo. Alisema yeye alifundishwa kuzitazama, hakufundishwa kwa nini.

Aliyetuambia kwa nini ni Hansa, binti wa tajiri wetu. Alikuwa anasoma fizikia chuo kikuu Nairobi, na likizo zote alizimalizia kwetu akiwa na mafuta ya pampu mikononi, jambo lililomkera mama yake. Alisema fedha haijitandazi mwanzoni. Inajikusanya kuwa visiwa, vidogo visivyoonekana, vimetengana, kama maji uliyomwagia sufuria yenye mafuta. Zile rangi ni za visiwa. Vikiongezeka vinagusana, vinaungana, na ndipo unapata utando mmoja usio na matundu. Alisema pia jambo ambalo sikulielewa mpaka lilipokuwa limeshanigharimu, kwamba fedha nyembamba si fedha nene iliyopunguzwa. Ni kitu kingine, kina tabia yake. Zile elektroni ndani yake, chumba kikiwa kikubwa zinazunguka zitakavyo, lakini dari ikishuka sana zinapata namna chache tu za kukaa, na madini yote yanaanza kutii huo ufinyu. Miaka mingi baadaye, alipokuwa mwalimu ng'ambo, alikuja likizo akaniambia wenzake wamekuta visiwa vya madini ya risasi vinavyochagua kimo. Vinakubali tabaka kadhaa, vinaruka inayofuata, vinakubali nyingine, kwa sababu ya hizo elektroni kutafuta pa kujinyoosha. Nilimwambia sishangai. Nimewahi kuona utando ukibadili nia.

Basi mwaka mmoja ikatangazwa kwamba jua litapatwa. Kule kaskazini litafunikwa lote, na kwetu huku litabaki kama ukucha. Redio haikunyamaza. Watu waliambiwa wasilitazame kwa macho, na kama kawaida, kuambiwa usitazame ndiko kulikowafanya wote watake kutazama. Shule moja ya bweni ya Mau Narok ikatuomba vioo vya kutazamia. Nafula alikuwa anasoma hapo, darasa la sita. Nilipomwambia kwamba vioo tutatengeneza sisi, kwa mikono yetu, aliwatangazia wenzake wote. Sikumkataza. Nami nilijiona mtu.

Hansa na Harbans walipanga namna. Kila kioo cha kutazamia kiwe vioo viwili vilivyopakwa fedha, vimebanwa uso kwa uso, fedha ikiwa ndani ili isikwaruzwe, na pembeni utepe. Kila utando uwe mwembamba, viwili pamoja vifanye giza la kutosha. Hansa alipima kila kioo kilipotoka kwenye kengele, kwa kipima mwanga alichoazima studio ya picha, akasema ni salama. Ukitazama balbu huoni kitu. Ukitazama jua unaona duara dogo la samawati lililopoa. Kisha Hansa akashikwa na homa, akalala kwao.

Hapo ndipo ilipoingia desturi yetu. Kiwandani kwetu kioo hakikutoka bila kupakwa vanishi mgongoni mwa fedha. Kioo bila vanishi kilikuwa kama mtu kutoka nyumbani bila shati. Na vanishi ilikaushwa kwenye oveni, hasa miezi ile ya baridi ambapo ukiiacha mezani inanata mpaka wiki ijayo. Lori la shule lilikuwa limekuja mjini kuchukua unga, dereva anapiga honi pale nje. Harbans alivipaka vanishi kwa mkono wake, akavipanga ndani ya oveni kama alivyopanga maelfu ya vioo vya taa, joto lile lile, muda ule ule. Vilipopoa tukavibana, tukavitia kwenye sanduku la nyasi kavu. Alivitazama, vikawa na giza. Akageuza, akatazama na upande ule mwingine. Giza. Lori likaondoka.

Jumamosi, siku yenyewe ya kupatwa, Hansa alikuja asubuhi akiwa bado na shali kichwani. Tulikuwa tumebakisha kimoja kwa ajili ya watu wa kwao. Alikiinua kuelekea jua, akakishusha upesi. Akauliza kwa nini ni chekundu.

Nilichukua nikatazama. Lile duara la samawati halikuwapo. Jua lilikuwa jekundu-jekundu, limefifia, giza bado lipo, na mtu asiyejua angesema limependeza zaidi. Hansa alikwenda kwenye droo, akaleta lenzi kubwa ya mkono na kibiriti. Akaweka kioo mbele ya lenzi, akakusanya jua juu ya kichwa cha njiti ya kibiriti iliyolala kwenye saruji. Pale kwenye saruji hatukuona mwanga wowote wa maana. Kivuli tu, na wekundu kidogo. Tukangoja. Njiti ikawaka.

Sijui nyinyi mnaogopa nini maishani. Mimi naogopa ule mwali mdogo.

Hansa alieleza huku akitafuta funguo za pikapu ya baba yake. Utando mnene wa taa ya gari hauoni joto la oveni kuwa kitu. Ule mwembamba, ukiupasha, unaachana. Unajikunja kurudi kuwa visiwa, na katikati ya visiwa kioo kiko wazi. Visiwa vinameza mwanga wa kuonekana, ndiyo maana macho yanaona giza, lakini joto la jua linapita kati yao, na jicho halina njia ya kujua. Jicho haliumii likiungua. Hilo alilisema mara moja tu, akaona nilivyomtazama, akarudi kwenye funguo.

Harbans alikuwa amesimama na ile njiti iliyoungua kati ya vidole. Alisema, "Mimi ndiye niliyeweka kwenye oveni." Alivua aproni, akaikunja, akaingia kwenye pikapu upande wa usukani.

Shule haikuwa na simu. Hansa alibaki mjini kujaribu kupata polisi wa kule wapeleke ujumbe, na sisi wawili tukapanda mlima. Baada ya Njoro barabara ilikuwa ya udongo, imenyeshewa wiki nzima, na pikapu ilikwenda kama mlevi, huku na huku. Nilitazama juu njia nzima. Kenya yote siku hiyo iliomba mbingu iwe safi. Mimi niliomba mawingu. Niliomba kwa Kiswahili, nikaomba kwa Kibukusu, nikasikia Harbans naye ananong'ona kwa lugha yake, na najua hakuwa anaomba kitu tofauti. Tulipokwama kwenye matope, wakulima waliokuwa wanachimba viazi walikuja kutusukuma. Mmoja akanitania, "Mama, mbona mbio hivi, mnakimbizana na jua?" Kule juu tulikuta ukungu umelala juu ya ngano, mzito, mweupe, na nikaanza kupumua. Halafu nikaona kivuli cha pikapu kwenye ukingo wa barabara. Kilikuwa hafifu. Kikakolea. Ukungu ulikuwa unaondoka wote kwa pamoja, kama pumzi kwenye kioo safi.

Tuliingia shuleni jua limeshaanza kuliwa pembeni. Wasichana walikuwa wamepangwa kiwanjani kwa madarasa, wamevaa masweta, na mwalimu mkuu, mama mmoja mnene mpole, alikuwa anafungua sanduku letu. Sanduku lilikuwa bado na nyasi juu. Harbans alishuka injini ikiwa inanguruma, akatembea hadi pale, na mtu huyo asiyepandisha sauti akalikumbatia lile sanduku kifuani kama mtu anayenyang'anywa mtoto. Nilieleza mimi, maneno yakigongana. Mwalimu mkuu alielewa upesi, Mungu ambariki, akawaamuru wasichana wote watazame chini.

Wakaanza kunung'unika, na baadhi kulia. Hapo Harbans akaomba boksi la chaki. Akalitoboa kwa msumari, akalishika juu ya ardhi, na pale chini kwenye udongo jua likajichora, dogo, limemegwa. Akatoboa tundu jingine, na jingine, mpaka kukawa na majua mengi yaliyomegwa, na wasichana wakachuchumaa kuyazunguka wakisahau kilio. Mimi nilikaa kwenye nyasi nikacheka peke yangu. Tumewahi, nikasema. Sanduku halijafunguliwa. Tumewahi.

Nafula akaja akakaa karibu yangu. Hakuwa anatazama yale majua chini. Nilimwona anapepesa jicho la kulia.

"Mama, kwani vile vioo ni vibaya?"

Nikamuuliza kwa nini.

"Jana mwalimu alichomoa kimoja chini ya nyasi akanipa nikijaribu kwa niaba ya wote. Alisema wewe ndiye uliyevitengeneza, kwa hivyo ni haki yangu. Nilitazama mpaka kengele ya chakula ikalia. Lilikuwa zuri, jekundu."

Nikamuuliza alitazama kwa jicho gani. Akafunga la kushoto kunionyesha.

Sitawachosha na habari za hospitali. Daktari wa macho alimulika, akasema kuna kidoa katikati ya jicho la kulia, tungoje, wakati mwingine kinapona. Tukangoja. Kikapungua, hakikuisha. Pembeni anaona, hata sisimizi anamwona. Lakini akilielekeza lile jicho kwenye kitu, kitu hicho ndicho kinachopotea. Aliniambia akinitazama kwa hilo peke yake anaona masikio yangu na kitambaa cha kichwa, uso haupo. Nililia kwa uchungu siku hiyo, na sioni aibu kuliandika.

Harbans alikuwa amesikia yale maneno pale kiwanjani. Tangu hapo hakugusa oveni. Kila Jumatatu alikuja kwenye meza yangu kabla ya kuvaa aproni akauliza, "Jicho?" Na kila mara nilimjibu kwamba daktari anatazamia litapona, maana daktari alikuwa anatazamia, na Nafula mwenyewe alinishika mkono akaniomba nisimwambie mzee zaidi ya hapo. Alisema, "Yule mzee alilia kwenye pikapu tulipokuwa tunashuka, mama. Wewe ulikuwa unanitazama mimi, hukumwona."

Kazi iliendelea. Tulitengeneza vingine vingi, vinene na vyembamba, na ile sheria mnayoikuta imebandikwa ukutani, kwamba utando mwembamba haupashwi moto na unapimwa baada ya kazi ya mwisho, si kabla, ni Harbans aliyeiandika. Najua mnaiona ni ya zamani. Msiitoe.

Mwisho wa miaka ya sabini kijana wake aliyekuwa Uingereza akamwita. Alikuja nyumbani kuniaga, amevaa koti zuri, miwani ina uzi mpya. Nafula alikuwa kidato cha tatu, akatuletea chai. Tukaongea habari za pampu, za Hansa, za baridi ya Uingereza. Halafu akanyoosha mkono, akachukua gazeti lililokuwa mezani, akalifungua kwenye matangazo madogo madogo, akamshikia Nafula mbele ya uso.

"Nisomee hapa, beti. Funga jicho moja."

Hivyo ndivyo watu wake wanavyomwita binti. Nafula alifunika la kulia kwa kiganja, akasoma bila kusita, kwamba panauzwa ng'ombe wa maziwa na ndama wake, mwenye kuhitaji afike Molo, karibu na stesheni. Harbans akakubali kwa kichwa.

"Sasa lile lingine."

Nafula alihamisha kiganja. Wakati kinapita usoni, Harbans aligeuza ukurasa, polepole, bila karatasi kutoa sauti. Sasa gazeti lilikuwa kwenye habari za mpira. Nafula alinyoosha shingo, akalielekeza lile jicho lake kwenye maandishi, akasoma kwa sauti ile ile ya furaha kwamba panauzwa ng'ombe wa maziwa na ndama wake, mwenye kuhitaji afike Molo, karibu na stesheni.

Harbans alilishika gazeti vilevile kwa muda. Kisha akalikunja, mara mbili, akaliweka alipolitoa.

"Vizuri sana, beti," akasema. "Vizuri sana."

Alimaliza chai yote, ingawa ilikuwa imeshapoa, akatushika mikono, akaenda. Nilisimama mlangoni mpaka akapinda kona. Nafula akanijia nyuma, akanikumbatia kiunoni, akaninong'oneza kwamba ameweza, mzee ameamini, sasa atasafiri bila mzigo.

Nikamwambia ndiyo, mwanangu. Ameamini.